Sakitu na Bustani ya Mboga Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kipupwe kikiingia, maswali ya sakitu huja mfululizo. Wengi wanaouliza ni wa Njombe, Makete na Mufindi, ambako kati ya Juni na Agosti si ajabu kuamka ukakuta majani meupe. Wengine ni wa Kinangop, Ol Kalou na Limuru kule Kenya, ambako hatari huja zaidi kati ya Desemba na Februari, mvua zikishapita na anga kuwa safi usiku. Mimi nalima mboga nyuma ya nyumba, Njombe, mahali pasipofika robo ekari. Mengi ya majibu haya nimeyapata hapo, na baadhi nimeyalipia.

Sakitu ni nini hasa? Ni theluji?

Siyo. Theluji hutoka mawinguni. Sakitu hujitengeneza palepale juu ya jani. Usiku usio na mawingu wala upepo, ardhi na mimea hupoteza joto lake angani, na hakuna wingu la kulizuia. Jani likipoa hadi sifuri au chini ya hapo, unyevu wa hewani huganda juu yake. Huo ndio weupe kama chumvi unaouona alfajiri. Huku kwetu wengi husema tu "barafu imepiga", wengine huiita jalidi. Ni jambo lilelile.

Kinachoua mmea ni barafu inayojijenga ndani ya jani, kati ya seli moja na nyingine. Barafu hiyo huvuta maji yaliyomo ndani ya seli, nazo husinyaa na utando wake hupasuka. Liguse jani la nyanya saa kumi na mbili asubuhi: ni gumu, ukilikunja linavunjika kama biskuti. Rudi saa tatu, jua likishapanda. Limelegea, limekuwa la kijani cheusi, linatota maji kama mchicha uliotoka kuchemshwa, hata harufu yake ni ya mboga iliyochemshwa. Ukishaisikia harufu ile bustanini huisahau.

Kuna pia usiku ambao hewa ni kavu mno, kwa hiyo weupe hautokei kabisa, na mimea inakufa vilevile. Unaamka unakuta majani meusi na hujui kilichopita. Wakulima wa kahawa wa Brazili huiita sakitu nyeusi. Ile ya Julai 1975 iliangamiza mibuni karibu yote ya jimbo la Paraná.

Redio ilisema nyuzi 4. Mbona maharage yangu yameungua?

Kwa sababu nyuzi 4 zile hazikupimwa kwenye maharage yako. Kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa hukaa ndani ya kisanduku cheupe, juu ya ardhi kwa zaidi ya mita moja. Usiku uliotulia, hewa ya baridi ni nzito na hulala chini, kwa hiyo usawa wa majani unaweza kuwa na baridi zaidi kwa nyuzi 3, 4, hata 5. Tena utabiri ni wa wilaya au mkoa mzima, nao haujui kama bustani yako iko mlimani au bondeni.

Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa zisikilize, zinakupa tahadhari ya wiki. Lakini tafuta kipimajoto chako cha bei ndogo, ukifunge kwenye kijiti usawa wa mboga, mahali pa wazi. Usikitundike barazani chini ya bati, kitakudanganya.

Mboga zipi zinakufa na zipi zinavumilia?

Zinazokufa kwa baridi ndogo tu chini ya sifuri ni nyanya, maharage, pilipili hoho, bilinganya, bamia, matango, maboga, viazi vitamu, mchicha na mahindi machanga. Viazi mviringo navyo, ingawa watu hudhani ni vya baridi: majani yake huungua, ila kiazi kilicho chini ya udongo hubaki salama. Zinazovumilia ni kabichi, sukumawiki, karoti, vitunguu, vitunguu saumu na spinachi. Njegere ziko katikati: majani yanastahimili, maua na vitumba vichanga haviwezi.

Nyanya zina shida nyingine. Hata kabla ya kuganda, usiku wa chini ya nyuzi 10 hivi ukifuatana na mwingine, chavua yake haifanyi kazi vizuri, na maua hudondoka bila tunda. Kwa hiyo mtu anaweza kupona sakitu kabisa akakosa nyanya.

Kwa nini jirani kapona na mimi nimeungua?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu niliwahi kuliuliza mwenyewe nikiwa nimesimama kwenye matope.

Nilikuwa nimepanda nyanya upande wa chini wa kiwanja, karibu na kijito. Sababu zangu zilikuwa nzuri: udongo mweusi, maji ya kumwagilia hatua mbili tu. Miche 60, imefungiwa kwenye fito, na wiki ya pili ya Juni matunda ya chini yameanza kupata wekundu. Usiku mmoja zote zikaisha. Jirani yangu, mama mtu mzima, ana bustani hatua kama arobaini juu ya yangu, kwenye mteremko. Nyanya zake hazikuguswa hata jani. "Shikamoo mama." Aliitikia marahaba, akayatazama matuta yangu kwa muda, akasema, "Pole mwanangu. Baridi ni kama maji, huteremka ikalala bondeni."

Ndivyo ilivyo. Hewa iliyopoa juu ya mteremko huwa nzito, hutiririka polepole kuelekea chini na kutuama panapozibwa. Tofauti ya mita chache za kimo inatosha kuokoa bustani au kuimaliza. Ndiyo maana bonde lenye rutuba na maji, ambalo kila mtu analitamani, ndilo la kwanza kuungua.

Ukitaka kujua baridi inalala wapi kwako, fanya hivi. Chukua sahani nne za bati, tia maji kina cha kidole, uziweke kwenye pembe nne za bustani usiku usio na mawingu. Alfajiri zungukia. Ile iliyoganda, au iliyoganda zaidi, inakuonyesha mahali pasipofaa nyanya. Rudia usiku mitatu minne, uandike.

Kisha tazama ua wako. Ua mzito wa michongoma ukiwa upande wa chini wa bustani ni kama bwawa, hewa baridi inafika hapo inakwama na kujaa kurudi juu. Fungua pengo upande wa chini, baridi ipate pa kupitia. Ua huohuo ukiwa upande wa juu unakuwa rafiki, kwa sababu unaigeuza ile hewa ipite pembeni.

Ukuta wa nyumba nao unasaidia kuliko watu wanavyodhani. Matofali hushika joto la mchana na kulitoa usiku. Huku kusini mwa Tanzania, mwezi Juni jua hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta unaotazama kaskazini ndio unaoota jua siku nzima. Wa Nyandarua kule Kenya, anayeogopa Januari, ageuze: jua lake wakati huo liko kusini. Panda pilipili hoho zako chini ya ukuta huo, ndani ya hatua moja.

Nitajuaje jioni kwamba usiku utakuwa mbaya?

Tazama moshi wa jikoni. Ukipanda wima kisha ukajilaza kama shuka juu ya bonde bila kutawanyika, hewa imetulia na ya baridi imeanza kulala chini. Anga ikiwa safi bila wingu, upepo umekufa, na mchana ulikuwa mkavu, jiandae. Usiku mbaya hupenda kufuata siku moja au mbili za upepo baridi au manyunyu, pale mawingu yanapofunguka ghafla.

Kanuni yangu mwenyewe: saa tatu usiku kipimajoto cha bustanini kikisoma nyuzi 7 au chini, na nyota ziko wazi, nahesabu kwamba kutakuwa na sakitu. Wingu zito au upepo ukibaki, nalala. Baridi kali kuliko zote huja karibu na mapambazuko, kwa hiyo usijipongeze saa sita usiku.

Nifunike kwa kitu gani?

Kwa ulicho nacho: shuka kuukuu, blanketi lililochakaa, magunia, viroba vilivyofumuliwa na kushonwa pamoja. Mimi napinda fito za mianzi, ambazo huku hazina shida, nazichomeka pande mbili za tuta kama matao, halafu natandika juu yake. Lakini namna ya kufunika ina uzito kuliko kitambaa chenyewe.

Kifuniko lazima kifike chini. Joto unalotaka kulinasa linatoka ardhini, halitoki kwenye mmea. Watu wengi huvika mche shuka na kulifunga kwenye shina, kama mtoto aliyefungwa skafu shingoni; hapo joto la ardhi linapotea pembeni na mche unakufa ukiwa umevaa. Acha kitambaa kimwagike hadi kwenye udongo, ukikandamize kwa mawe.

Funika mapema, saa kumi na moja jioni au kumi na mbili, ardhi ikiwa bado na joto. Ukifunika saa nne usiku unafungia baridi ndani.

Nailoni iinue isiguse majani. Pale inapogusa, jani hupoa pamoja nayo na kuungua. Asubuhi utaona alama ya kila mguso. Kitambaa ni salama zaidi, ila kiwe kikavu. Niliwahi kufunika kwa kanga zilizolowa umande wa jana yake, alfajiri zilikuwa ngumu kama bati, nikalazimika kuzivunja kutoka kwenye hoho. Zianike mchana.

Asubuhi, saa mbili au tatu, funua. Ardhi inahitaji jua ili ijaze joto la usiku unaofuata, na chini ya nailoni iliyofungwa mchana mboga zitapikika.

Shuka moja hukupa nyuzi kama 1 au 2, blanketi zito zaidi kidogo. Kwa sakitu zetu nyingi hizo zinatosha. Ukitaka kuongeza, weka madumu ya lita 20 yaliyojaa maji katikati ya matuta, hasa ya rangi nyeusi au ya bluu iliyokolea. Maji huota jua mchana kutwa na kurudisha joto lile polepole chini ya kifuniko. Miche michache iliyotawanyika unaweza kuifunika kila mmoja kwa ndoo au sufuria kubwa.

Na kama vifuniko havitoshi, usivigawe vikawa vyembamba kila mahali. Chagua tuta moja lenye matunda karibu kuiva, ulifunike sawasawa.

Nimetandaza nyasi kwenye matuta. Si zinaleta joto?

Zinalinda mizizi, lakini usiku wa sakitu zinaweza kuudhuru mmea ulio juu. Matandazo huzuia jua lisiingie ardhini mchana na kuzuia joto lisitoke usiku. Udongo ulio wazi, mnyevu na ulioshindiliwa kidogo hutoa joto zaidi kuliko uliofunikwa au uliotifuliwa juzi. Katika wiki za hatari sogeza nyasi pembeni ya nyanya na maharage, urudishe kipupwe kikipita. Na usipalilie kwa jembe jioni ya usiku unaoushuku.

Nimwagilie maji?

Mwagilia udongo mchana, kati ya saa sita na saa tisa, ili uwe mnyevu na majani yapate kukauka kabla ya usiku. Udongo mnyevu hubeba joto zaidi ya mkavu.

Kunyunyiza usiku kucha ni kazi nyingine. Maji yanapoganda hutoa joto, na wenye mashamba makubwa hutumia jambo hilo kwa vinyunyizio visivyosimama hadi barafu yote iyeyuke asubuhi. Ukianza halafu tangi likaisha saa tisa usiku, maji yaliyobaki juu ya majani yatavukiza na kuyapoza zaidi kuliko kama ungeacha. Kwa bustani ya nyumbani sikushauri.

Kuna pia desturi ya kuosha majani alfajiri ili "kuyeyusha kabla ya jua". Haidhuru sana, lakini madhara yalishatokea usiku, jani lilipoganda. Nimewahi kuosha nusu ya tuta na kuacha nusu. Mchana zote zilikuwa nyeusi sawasawa.

Moshi je? Baba zetu walikuwa wanawasha moto.

Kinachosaidia hapo ni joto la moto. Moshi wenyewe hauzuii joto la ardhi kwenda angani kama wingu linavyozuia, na majirani wanaupumua usiku kucha. Ukiwasha, basi mioto midogo mingi kuzunguka bustani ni bora kuliko mmoja mkubwa: ule mkubwa hutoboa juu na kuvuta hewa baridi kutoka pembeni. Kwa kuni zinavyouzwa siku hizi, blanketi ni nafuu.

Kuna dawa ya kupulizia?

Usitumie pesa yako huko. Wanasayansi waligundua kwamba bakteria mmoja anayeishi juu ya majani, Pseudomonas syringae, husaidia barafu kuanza kujitengeneza, na mwaka 1987 huko California walijaribu kupulizia stroberi bakteria aliyebadilishwa ili asifanye hivyo. Dawa ile haikufika madukani. Chupa utakayouziwa mnadani kwa maneno ya "kinga ya barafu" mimi singeinunua.

Nimeamka nimekuta kila kitu cheusi. Ning'oe?

Pole sana. Usiguse kitu siku hiyo. Najua ilivyo, mkono unataka kung'oa tu ili jicho lisione, lakini subiri siku 5 hadi 7. Nyanya iliyoungua majani ya juu mara nyingi ina shina zima chini, na chipukizi hutoka kwenye makwapa ya majani. Kwaruza shina kwa ukucha: ukikuta kijani kibichi, lipo hai, ukikuta kahawia yenye maji, limekufa hadi hapo. Kata juu ya sehemu iliyo hai baada ya kuiona, siyo kabla. Yale majani yaliyokufa, yakibaki, huukinga kidogo usiku unaofuata, na sakitu haiji peke yake. Ikija Jumatatu, tazamia Jumanne.

Usiwahi kuutupia mbolea ya chumvichumvi mmea uliojeruhiwa. Mpe maji ya kiasi, ukichipua ndipo umlishe.

Maharage yaliyolala chini yote hayarudi. Ng'oa, upande kingine. Maboga na matango vilevile.

Viazi mviringo viache. Vikiwa vichanga vitachipua tena kutoka chini, japo mavuno yatachelewa na kupungua. Kama vilikaribia kukomaa, kata majani yaliyokufa, subiri kama wiki mbili ngozi ikomae, ndipo uchimbe. Kiazi kilichochomoza juu ya udongo na kuwa kijani usikile.

Nyanya mbichi zilizobaki kwenye mti, zinalika?

Zilizo ngumu na zenye rangi ya kawaida, zichume siku hiyohiyo, uzitandaze ndani juu ya gazeti, zisigusane. Zilizofikia ukubwa wake na kuanza kupauka zitaiva. Zenye mabaka yanayopitisha mwanga kama zimelowa mafuta zimeganda ndani, na zitaoza ndani ya siku mbili. Usizichanganye na nzima.

Kwa wenye mifugo: mtama mchanga uliopigwa na sakitu usimpe ng'ombe wala mbuzi mara moja. Huweza kutoa sumu ya sayanidi inayoua haraka.

Nipande lini basi?

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na hapa ndipo nyumba nyingi hukosea, kwa sababu tunaanza kuifikiria sakitu ikiwa imeshafika mlangoni. Hesabu kurudi nyuma. Nyanya huku kwenye baridi zinahitaji karibu miezi mitatu, wakati mwingine zaidi, tangu kuhamisha mche hadi mavuno ya kwanza. Ukitaka kuchuma kabla ya Juni, mche uwe bustanini Februari. Shida ni kwamba Februari na Machi ni mvua, na mvua huleta ukungu wa majani unaomaliza nyanya kwa kasi kama sakitu. Kwa hiyo za msimu huo ziweke chini ya paa la nailoni lililo wazi pembeni, zisinyeshewe.

Njia ninayoitumia sasa ni kusia mbegu katikati ya Julai kwenye makopo, yakae dirishani jikoni. Miche hutoka nje mchana na kurudi ndani jioni. Wiki ya mwisho kabla ya kuhamisha, huiacha nje muda mrefu zaidi kila siku ili izoee. Huingia bustanini mwishoni mwa Agosti, na hata hapo natunza mashuka yangu karibu hadi katikati ya Septemba. Namwagilia hadi mvua za Novemba, na Desemba tunakula.

Na kuanzia Aprili usimwage urea kwenye mboga laini. Itazipa majani manene, mabichi, yenye maji mengi, ambayo ndiyo yanayoganda kwanza.

Niko ughaibuni, mchicha wangu hufa kila mwaka. Nifanyeje?

Kwa Kanada, kaskazini mwa Marekani au Ulaya, hesabu ni ya tarehe mbili: sakitu ya mwisho ya masika na ya kwanza ya vuli. Ulizia tarehe za mji wako kwa wakulima wa hapo, kwa sehemu nyingi ya masika huwa kati ya Aprili na Mei. Mchicha, mnavu na maboga yasitoke nje kabla ya wiki mbili baada ya tarehe hiyo. Sukumawiki inaweza kutangulia.

Na lile bonde langu la chini, nilitelekeze?

Hata kidogo. Pale nyanya zangu 60 zilipofia sasa pana kabichi, karoti na vitunguu saumu, na maji bado yako hatua mbili. Mboga hizi zikipata baridi hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari, kwa hiyo karoti ya Julai ni tamu kuliko ya Machi. Sharti moja tu: usivune wala kukanyagakanyaga zikiwa zimeganda, majani huvunjika na kuoza pale yalipoumia. Nasubiri hadi saa nne, weupe ukishayeyuka na majani kukauka, ndipo nashuka na kisu na beseni. Kichwa cha kwanza hukipeleka juu kwa yule mama.